Zambarau ya Fundi Saa

Kila Alhamisi, theluji ikishazika ngazi za nyuma,
Irja Kallunki hutandika magazeti ya zamani mezani
na kuniambia: vua pete, rangi haina adabu.

Hapa Hancock shaba ilikwisha ardhini
kabla sijazaliwa. Iliyobaki
imo ndani ya kichupa hiki cha wino,
anachokitikisa sikioni
kama mtu anayepima yai viza.

Lebo ni za marehemu mumewe.
Reino alikuwa fundi saa, na kila saa iliyoingia dukani
ilifungwa lebo shingoni: jina la mwenyewe,
ugonjwa, bei.
Alipokufa zilibaki mia mbili na ushei
kwenye kopo la biskuti, tundu zake zimechakaa,
na saa zenyewe zilisharudi makwao
kuendelea kuchelewa.

"Sitaki kuzisoma," aliniambia siku ya kwanza.
"Nataka kuzifunika."

Basi tunafunika.
Kwanza nyeupe nzito, ya chokaa,
tunaikwangua kwa kadi ya bima iliyopitwa na wakati.
Kikausha nywele kinanguruma, paka anatoka.
Kisha buluu ya majimaji, kwa sponji,
na chumvi punje chache juu yake ingali mbichi:
kila punje inakunywa pale ilipoangukia
na kuacha nyota.
Mimi nina pupa. Nanyoosha mkono kwenye njano.
Ananipiga kofi dogo la kidole.
"Rangi mbili zikikutana mbichi huzaa tope.
Iache moja ilale."

Tunakunywa kahawa tukiingoja buluu ilale.
Mashapo ya kahawa nayo anayatia,
kwenye pembe, kwa kidole gumba,
ili karatasi ionekane imesafiri.

Lakini Reino aliandika kwa penseli ya kopi,
ile ambayo kavu ni kijivu
na ikionja maji hugeuka zambarau.
Inapanda.
Inapita nyeupe, inapita buluu,
inapita nyeupe ya pili aliyoipaka kwa hasira,
herufi zimevimba kama miguu ya mzee
lakini zinasomeka:

*Lempi Ahola. Saa haina ubaya. Arudi Jumanne.*

Irja haongei. Anachukua nyingine, anailowesha makusudi.
*Mattson. Inawahi dakika nne.*
Nyingine.
*Lempi Ahola. Haina ubaya. Jumanne.*
Radieta inagonga mara mbili, kisha inajinyamazia.

"Nani huyu?" nauliza,
na papo hapo natamani ningekuwa paka.

"Jirani. Alikuwa na saa moja tu, ya ukutani."
Anazihesabu kando, zile za Lempi, kumi na moja.
"Nadhani ilikuwa nzima kwa miaka tisa."

Nilidhani ataichukua chokaa tena,
au mlango wa jiko la kuni.
Mkono wake ulisita juu ya vichupa,
ukaviruka vyote,
ukatwaa brashi nyembamba yenye maji matupu.
Akaigusa J ya Jumanne.
Ikafunguka. Akaivuta taratibu, kama uzi kutoka kwenye sweta,
ikashuka bondeni mwa buluu, ikazunguka nyota za chumvi,
ikawa kivuli cha kitu ambacho hakikuwepo.
Akaendelea na jina. Herufi moja moja,
bila kufuta, akizichota tu
kama unavyochota samli.

"Miaka yote nimeitafuta zambarau ya namna hii," akasema.
"Haiuzwi popote."

Kisha shaba, tone moja, pembeni kabisa.
Kisha uzi wa katani tunduni, fundo,
na lebo ikaning'inia dirishani mbele ya theluji
pamoja na za Mattson na za wengine,
haina cheo kuliko hizo, wala haikutengwa.
Kumi zilizosalia alizirudisha koponi.
Sijui kama ni akiba ya rangi.

Jumatatu, posta, karani aliviona vidole vyangu
akauliza nimeumia wapi.
Nikamwambia: si damu, ni saa.
Akanigongea muhuri barua yangu
na hakuuliza zaidi.